Mtu si kamba: pikipiki nzito nyuma ya gari

Pikipiki ikikufa na fundi wa kijijini akiishindwa, inabaki njia moja: kuipandisha kwenye gari na kuishusha Uvira. Ni vilevile kwa mtu aliyeuza dhahabu yake na kununua pikipiki Bukavu, au yule anayehama kutoka upande wetu wa Rurambo kwenda kutafuta maisha Misisi kule Fizi, ama Kamituga kule Mwenga. Pikipiki inapanda nyuma ya kamioneti pamoja na magunia, makarai, magodoro na watu.

Kila mtu wa huku ameona namna inavyofanyika. Wanaume wanne wanainua, wanasukuma, wanaegemeza. Kamba moja inapitishwa kwenye gido, nyingine kwenye kiti. Kisha shofere anaita: “Weye kijana, panda, kamata hiyo pikipiki isianguke.” Kijana anapanda, anakamata gido kwa mikono miwili, anakaza mguu kwenye ubavu wa karoseri, na gari inaondoka.

Kamba ile ingefungwa vizuri, kijana asingeitwa. Ameitwa kwa sababu mwenye gari mwenyewe anajua kwamba pikipiki haijafungwa. Ndiyo maana wazazi, wachimbaji na wenye magari wanapaswa kulishika neno hili: mtu si kamba. Kama pikipiki inahitaji mtu wa kuikamata, safari bado haijawa tayari.

Uzito ambao mikono haiwezi

Pikipiki zetu za kila siku, TVS na Boxer, zinapita kilo 100. Tuchukue mfano wa pikipiki ya kilo 120, maana kuna zile kubwa zaidi, na wengine wanaacha mafuta mengi ndani. Ikisimama tu, kijana mwenye nguvu anaweza kuizuia isianguke. Lakini gari inayotembea ni jambo lingine.

Huko Ulaya wanatumia kipimo cha kufunga mizigo kwenye magari, kinachoitwa EN 12195-1. Kipimo hicho kinataka mzigo uzuiliwe kwa nguvu inayofikia sehemu 8 kwa 10 za uzito wake kuelekea mbele, kwa sababu ya breki, na sehemu 5 kwa 10 kwenye pande na nyuma, kwa sababu ya kona na milima. Kwa pikipiki yetu ya kilo 120, shofere akikanyaga breki kwa nguvu kuna kama kilo 96 zinazosukuma mbele. Hiyo ni karibu mifuko miwili ya simenti. Kwenye kona kali ni kilo 60 zinazosukuma upande. Kijana aliyesimama kwenye bati linaloteleza, gari ikiruka mashimo, hawezi kuzuia mifuko miwili ya simenti inayomjia kwa ghafula.

Na kama gari imegonga kitu na kusimama palepale? Mchimbaji ataelewa hesabu hii haraka. Kitu kinachokwenda kilomita 40 kwa saa kinagonga sawa na kitu kilichoangushwa ndani ya shimo la mita 6. Kwa kilomita 60 kwa saa, ni shimo la mita 14. Hakuna mchimbaji anayekubali kusimama chini ya shimo la mita 14 huku pikipiki ikiangushwa kutoka juu. Lakini kila siku tunawapandisha vijana nyuma ya kamioneti, wakiwa katikati ya pikipiki isiyofungwa na ukuta wa kabini. Ni jambo lile lile, tofauti ni kwamba shimo limelala.

Wapi iwekwe

Kuna namna tatu za kubeba pikipiki kwa gari, na moja ambayo si namna.

Ile isiyo namna ni kuivuta kwa kamba. Mtu anapanda pikipiki iliyokufa, kamba inafungwa nyuma ya gari, wanaondoka. Gari yenye magurudumu manne inaweza kuvutwa hivyo kwa uangalifu. Pikipiki ya magurudumu mawili hapana. Kamba ikilegea halafu ikakazika kwa ghafula, gido linageuzwa na mtu anaanguka. Kamba ikiingia kwenye gurudumu la mbele, linasimama papo hapo. Na shofere aliye mbele, kwenye vumbi, anaweza kuendelea kuvuta bila kujua kwamba nyuma yake mtu ameshaanguka.

Namna iliyo bora kwa njia zetu ni ndani ya karoseri, gurudumu la mbele likigusa ukuta wa kabini. Hapo uzito unakaa katikati ya gari. Kwenye kamioneti ya kabini moja, karoseri ni ndefu na pikipiki inaingia yote. Kwenye ile ya kabini mbili, karoseri ina kama mita 1 na nusu tu, na pikipiki inakaribia mita 2. Watu wanafungua mlango wa nyuma na kuliacha gurudumu lining'inie juu yake. Mlango ule umeshikwa na nyaya mbili nyembamba, haukutengenezwa kwa kupigwapigwa na uzito kwenye mashimo. Iweke pikipiki kimshazari: gurudumu la mbele kwenye kona moja ya kabini, la nyuma kuelekea kona ya upande mwingine. Kama bado inatoka kidogo, sehemu kubwa ya uzito iwe ndani.

Namna ya pili ni rimorki. Ni nzuri kama barabara inaruhusu na kama gari imewekewa chuma cha kuvutia cha kweli, siyo waya uliosokotwa. Uzito wa pikipiki ukae mbele kidogo ya ekseli ya rimorki. Ukikaa nyuma ya ekseli, rimorki itaanza kuyumba kulia na kushoto, na mwendo ukiongezeka itaiyumbisha hata gari.

Namna ya tatu ni kuining'iniza nyuma kabisa, nje ya gari, kwenye chuma au juu ya bampa. Hii inapendwa kwa sababu karoseri inabaki kwa magunia na abiria. Hapa tukumbuke baramini, ule mtarimbo wa kuinulia mawe. Ukiweka jiwe dogo chini yake na kukandamiza mwisho mmoja, mwisho mwingine unainuka. Gari ni hivyo hivyo: ekseli ya nyuma ndiyo lile jiwe. Kama kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 3, na pikipiki ya kilo 120 inaning'inia mita 1 na nusu nyuma ya ekseli, basi magurudumu ya nyuma yanaongezewa kilo 180, na yale ya mbele yanapunguziwa kilo 60. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari na kufanya kazi kubwa ya breki. Shofere atasikia volani imekuwa nyepesi, na kwenye mlima itakuwa nyepesi zaidi.

Tena, chuma cha kuvutia kina kipimo chake cha uzito wa kukandamiza kutoka juu. Kwa magari mengi madogo, kipimo hicho ni kati ya kilo 50 na kilo 100. Pikipiki ya kilo 120 imeshakipita kabla gari haijagusa shimo la kwanza. Kama hujui kipimo cha chuma chako, usining'inize pikipiki hapo.

Kuipandisha

Watu wengi wanaumia gari ikiwa bado imesimama. Tafuta sehemu ambapo ardhi iko juu, kama ukingo wa barabara, na urudishe gari hapo, ili ubao wa kupandia usiwe na mteremko mkali. Ubao uwe mpana na mnene, na ufungwe kwenye gari usiteleze nyuma. Gari iwekewe breki ya mkono na mawe nyuma ya magurudumu.

Injini ya pikipiki izimwe. Yule anayetaka kuonyesha ufundi kwa kuipandisha akiwa ameikalia, siku ubao ukivunjika, itamwangukia kifuani. Watu watatu wanatosha: mmoja pembeni kwenye gido, mkono kwenye breki ya mbele, na wawili nyuma wakisukuma. Anayekamata gido ndiye anayetoa amri, na wengine wanyamaze. Mtu asisimame upande wa chini ambako pikipiki itaangukia ikirudi. Ikianza kuanguka, muiache ianguke. Kioo na taa vinapatikana sokoni.

Kuifunga

Kamba zinatakiwa nne, mbili mbele na mbili nyuma, kila moja ikivuta kwenye kona yake. Kamba mbili peke yake zinazuia pikipiki isilale, lakini haziizuii isiende mbele na kurudi nyuma.

Kwanza, kunja bekiye, mguu wa kusimamishia pikipiki. Wengi wanauacha chini wakidhani unasaidia. Gari ikiruka, uzito wote unaangukia chuma kile kidogo. Kinapinda, pikipiki inainama, na kamba zote za upande mmoja zinalegea. Pikipiki isimame wima, na kamba ndizo zinazoisimamisha.

Pili, weka gia ya kwanza, na ufunge breki ya mbele kwa kipande cha mpira ili ibaki imekamatwa. Weka kipande cha mti kila upande wa gurudumu la mbele lisiteleze, kipigiliwe au kifungwe.

Tatu, funga mbele. Usifunge kwenye mpira wa mkononi wala kwenye ncha ya gido, maana gido linazunguka na mpira unachomoka. Funga kwenye chuma kinachokamata miguu miwili ya mbele, chini ya gido. Kamba moja iende kona ya kulia, nyingine ya kushoto, zote zikivuta chini na mbele. Kaza pande zote mbili kwa zamu, mpaka amotisa za mbele zishuke kama nusu. Ukizikandamiza mpaka mwisho, utaharibu mipira inayozuia mafuta yake. Ukiziacha bila kuzishusha, shimo la kwanza litazishusha lenyewe na kamba italegea.

Nne, funga nyuma kwenye fremu au kwenye chuma cha portebagaji kilicho imara, kamba zikivuta chini na nyuma. Kisha kamata pikipiki kwa mikono na uitikise kwa nguvu. Karoseri yote itikisike pamoja nayo. Kama pikipiki inacheza peke yake, anza tena.

Kamba gani? Mikanda ya sangle yenye chuma cha kukazia ndiyo bora. Kila sangle nzuri imeshonewa karatasi ndogo yenye herufi LC na namba ya daN. Hesabu daN moja kama kilo moja. Karatasi ya rangi ya buluu inaonyesha mkanda wa poliesta, ambao hauvutiki sana. Mkanda uliokatika ukingoni au uliounguzwa na asidi ya betri, tupa.

Ambaye hana sangle atumie kamba nzito ya lori. Tengeneza kitanzi katikati ya kamba, pitisha mwisho wake kwenye ndoano ya karoseri, urudishe ndani ya kitanzi, kisha vuta chini. Kwa njia hiyo nguvu ya mkono wako inaongezeka, na kamba inakaza kuliko ukivuta moja kwa moja. Mashofere wa Fuso wanaijua. Mwombe mmoja akuonyeshe. Pale kamba inapopita kwenye chuma kikali, weka kitambaa au kipande cha tairi, isikatwe. Kamba ya nailoni inavutika, hasa ikinyeshewa, hivyo ikazwe tena mara kwa mara.

Mipira ya shambreri iliyokatwakatwa inafaa kufunga godoro au kuku. Haifai kufunga pikipiki. Mpira unavutika, na kila shimo linaifanya pikipiki iruke juu na kurudi kama mtoto kwenye bembea, mpaka mpira unakatika.

Mafuta

Watu wa Sange hawahitaji mafundisho marefu juu ya mafuta. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katika mji wao, mafuta yakamwagika, moto ukashika, na watu zaidi ya 230 wakafariki. Pikipiki haina mafuta ya lori, lakini inakaa katikati ya watu, kwenye karoseri ambapo mtu anaweza kuwasha sigara, na mwingine amebeba babula lenye makaa ambayo hayajazimika.

Funga robine ya mafuta kabla ya kuondoka. Safari ikiwa ndefu, punguza esansi ndani ya tanki, lakini isimiminwe kwenye chupa ya maji ambayo mtoto anaweza kuinywa. Hakikisha kifuniko cha tanki kimekaa vizuri. Pikipiki isilazwe ubavu: esansi itavuja kwenye kabirata na asidi itatoka kwenye betri za zamani. Ukisikia harufu ya esansi, gongea shofere asimame.

Njiani

Ziwa Tanganyika liko kwenye urefu wa kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ziwa Kivu kama mita 1460. Anayetoka Uvira kwenda Bukavu anapanda tofauti hiyo ya karibu mita 700, na sehemu kubwa iko baada ya Kamanyola, kwenye kona za Ngomo. Katika bonde la Ruzizi mzigo unapigwa juu na chini. Ngomo unavutwa nyuma na pembeni. Anayeshuka kutoka milima yetu ya Rurambo anapata kinyume chake: mzigo unasukuma mbele muda wote. Kwa hiyo kamba zinachoka kwa namna tofauti, na lazima ziangaliwe.

Simama baada ya dakika kumi za kwanza. Kamba mpya na mafundo yote yanalegea mwanzoni, hata kama fundi wa kufunga ni mzuri. Kisha angalia tena kwenye kila kituo: Sange, Luvungi, na Kamanyola kabla ya kupanda. Kwa wanaokwenda kusini, Makobola, Mboko, Baraka. Shofere akisimama kununua samaki, mwenye pikipiki aguse kamba zote nne. Kwenye mteremko shofere atumie gia ndogo, injini ikamate gari, ili asilazimike kukanyaga breki kwa ghafula. Na baada ya mvua asidhani njia ni ile ya jana. Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira na kuharibu mpaka daraja.

Nchi yetu ina sheria ya barabara, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na iko pia ndani ya mkataba wa Vienna wa mwaka 1968. Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinaeleweka na kila mtu: mzigo usihatarishe watu, usianguke wala kuburuzwa barabarani, usimzuie shofere kuona, usiyumbishe gari, usifunike taa wala plaki. Mzigo unaotoka zaidi ya mita 1 nyuma lazima uwekewe alama usiku, taa nyekundu na kitu chekundu kinachong'aa. Pikipiki iliyofunika taa za nyuma inamfanya motari anayefuata usiku aone giza tu mbele yake, mpaka agonge.

Nani aseme

Vijana wanaokamata pikipiki hawapandi kwa kupenda. Mara nyingi ni konvoyeri anayetafuta kazi, au mchimbaji asiye na pesa ya nafasi, aliyeambiwa atasafiri bure akikamata mzigo. Mtu wa namna hiyo hawezi kukataa. Kwa hiyo neno litoke kwa wengine.

Litoke kwa mwenye pikipiki. Kabla ya kupatana bei, uliza: nani anafunga, na kwa kamba gani? Nunua sangle nne zako mwenyewe, zikae nyumbani pamoja na funguo za pikipiki. Bei yake haikaribii ile ya pikipiki, na zitatumika miaka.

Litoke kwa shofere. Akikanyaga breki, uzito uliofungwa vibaya unakuja kwenye kioo cha mgongo wake.

Na litoke kwa mama na baba waliosimama kando ya barabara kuagana. Pikipiki ile ni mavuno ya miezi shimoni, ni ada ya shule na njia ya kumfikisha mgonjwa hospitali, na tunaelewa kwa nini kila mtu anataka ifike. Lakini mkimwona mtoto wenu, au mtoto wa jirani, anapandishwa kukamata gido, msimwambie tu “Safari njema, Mungu akulinde.” Mwambieni shofere: “Baba, mtoto ashuke kwanza, tufunge.” Ni kazi ya robo saa. Kama kuna nafasi kabini, kijana akae huko. Kama haipo, asubiri gari nyingine. Pikipiki iliyofungwa kamba nne haitamhitaji.